Maziwa ya Picha

"Ukiambiwa kaa, kaa. Ukiambiwa cheka, cheka. Ukiambiwa kunywa, kunywa. Usinitie aibu mbele za watu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Umesikia nini?"

"Nisikutie aibu mbele za watu. Mama, nikitaka kukojoa je? Nikojoe kabla ya kucheka au baada ya kucheka?"

Mama alikuwa amepiga magoti sakafuni anamsugua mtoto visigino, kana kwamba visigino navyo vitapigwa picha. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka sita. Jina lake la shule lilikuwepo, ila mtaani hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Chiriku, maana tangu anaamka mpaka analala mdomo wake haukupata likizo. Ukimpa chai anaongea na chai. Ukimnyamazisha anasema, "Haya nimenyamaza, mnaona nilivyonyamaza?"

Dada yake alisimama mlangoni, begi begani, anahama mguu huu kwenda mguu huu. Alikuwa na miaka ishirini, mrefu mpaka anainamia vizingiti, na nyumbani hata kazini aliitwa Twiga.

"Mama, tutachelewa. Bosi anataka tuwe pale kabla ya watu wa kampuni."

"Ngoja nimpake mafuta."

"Usimpake! Taa zitamfanya ang'ae kama sufuria. Watampaka wenyewe poda."

Mama akafunga chupa ya mafuta. Wiki tatu tu za kwenda studio ya picha, na mwanawe alikuwa tayari anajua vitu ambavyo yeye havijui. Ilimpendeza, na ilimwogopesha kidogo.

Twiga hakuwa ameajiriwa. Alikuwa akienda studio kila siku kushika taa, kukunja waya na kufagia, na kila alipouliza lini atafundishwa, mpiga picha, ambaye alimwita Bosi, alimjibu, "Utajifunza hapohapo." Jana yake simu ilikuwa imeingia: mtoto aliyekuwa apigwe picha za tangazo la maziwa ametokwa na tetekuwanga uso mzima. Bosi akashika kichwa. Twiga akasema, "Nina mdogo wangu." Bosi akaitazama picha ya Chiriku kwenye simu, akacheka. "Ana pengo! Maziwa na pengo vinaendana. Mlete. Kazi hii ikipita salama, mwezi ujao nakupa mkataba."

Mkataba. Neno hilo lilikuwa halijawahi kuingia kwenye nyumba ile. Baba yao alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na alfajiri hiyo alikuwa ameshaondoka. Hakuambiwa. Mama alikata shauri kwamba atamwambia jioni, jambo likiwa limekwisha. Alijua angekataa. Siku Twiga alipoanza studio, baba alimuuliza, "Nani anakufundisha?"

"Najifunza hapohapo, Baba."

Baba alinyanyua kidole chake cha shahada, ambacho hakina ncha. "Hata mimi nilijifunza hapohapo," akasema. Siku hiyo wote walicheka.

Studio ilikuwa ghorofani, chumba kirefu kilichokuwa ghala zamani. Madirisha yalifunikwa kwa vitambaa vyeusi. Karatasi nyeupe pana ilining'inia kutoka juu ya ukuta ikateremka mpaka sakafuni, kiasi kwamba hujui ukuta umeishia wapi na sakafu imeanzia wapi. Waya zilipita kila mahali. Joto la taa lilikuwa kama la jikoni pasipo na harufu ya chakula.

"Mama, tafadhali usikanyage waya," alisema mpiga picha, mtu mwembamba mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma. "Kaa pale kwenye kiti. Na ukiwa pale usiseme na mtoto, atakuwa anakugeukia."

Mama akaenda kukaa nyuma ya taa, akaivuta miguu yake chini ya kiti ili isiguse kitu. Alikaa hivyo kama aliyekuja kuomba.

Kampuni ya maziwa ilikuwa imemtuma dada mmoja mwenye miwani mikubwa. Ndiye aliyeleta gauni. Lilikuwa la njano, zuri ajabu, na kikaratasi cha bei kilikuwa bado kinaning'inia. Alikikunja ndani mgongoni akakibana kwa pini.

"Sikiliza mrembo," akamwambia Chiriku. "Gauni hili linarudi dukani kesho. Lisipate tone hata moja."

"Tone la nini?"

"La kitu chochote."

"Hata maziwa?"

"Hata maziwa."

"Hata mate?"

"Hata mate," alisema Miwani, na akamtazama mama wa mtoto kama anayeuliza huyu mmemtoa wapi. Mama akatazama chini.

Nyuma, kwenye meza ya pembeni, Bosi alikuwa anamfundisha Twiga kazi. Hapa nataka kila mzazi aelewe vizuri, maana hata mama yule alikuwa hajui, na ungemwambia siku iliyotangulia angesema unamtania. Vyakula vingi mnavyoviona kwenye matangazo si vyakula.

"Maziwa ya kweli hayafai," Bosi alisema. "Ukiyaweka chini ya taa yanaonekana kama maji ya kuoshea mchele. Kwa hiyo tunatengeneza ya picha." Akamimina gundi nyeupe kwenye bakuli, akaongeza maji, akachukua kopo lenye kutu akachota kijiko cha rangi nyeupe ya ukuta. Mwisho akatia sabuni ya vyombo, akakoroga mpaka povu likasimama. "Umeona? Hili povu litakaa saa nzima."

Twiga alikuwa na daftari dogo, akaandika yote. Kila alichofundishwa alikiandika.

"Glasi mbili," Bosi akaendelea. "Moja ya picha, itakaa mbele, imejaa, hakuna wa kuigusa. Ya pili ni ya mtoto, maziwa ya kweli, yapige kwa uma yatoe povu. Nataka zifanane kama pacha." Akakata kipande cha utepe mwekundu akakibandika chini ya glasi moja. "Yenye utepe hainywi mtu. Hapo usikosee."

"Sikosei, Bosi."

Akaandika: utepe mwekundu, ya picha. Akapigia mstari mara mbili.

Walianza vizuri. Chiriku alikaa nyuma ya meza ndogo ya magurudumu, glasi mbili mbele yake, akacheka walipomwambia acheke. Alipomaliza kucheka aliuliza kamera inakula nini, na kwa nini mwavuli upo ndani na mvua hainyeshi. Hata Miwani akatabasamu. Mama kule nyuma akaanza kupumua. Akawaza jinsi atakavyomwanzia mume wake jioni, aanze na mkataba kwanza.

Kisha Miwani, aliyekuwa akitazama picha kwenye kompyuta, akakunja uso. "Kuna kitu chekundu chini ya glasi. Kinaonekana."

Bosi akainama kutazama. "Twiga, toa huo utepe."

"Lakini Bosi, utepe ndio..."

"Toa. Ya picha iko kushoto, ya mtoto iko kulia. Kushoto, kulia. Una kichwa au huna?"

Miwani akacheka kidogo. Twiga akahisi masikio yanamwaka moto. Akainyanyua glasi, akabandua utepe, na kwa kuwa hakuona pa kuutupa kwenye karatasi ile nyeupe, akaubandika kwenye kidole gumba chake. Kushoto ya picha, kulia ya mtoto. Akalisema moyoni mara tatu.

Pap! Taa moja ikaungua.

"Panda ngazi, badilisha," Bosi akamwagiza Twiga. Akapanda. Alipokuwa kule juu, uso ukutani, anafungua taa ya moto kwa kitambaa, Bosi alitazama saa yake akasema wasipoteze muda, waitumie taa ya upande wa pili. Yeye na Miwani wakamshusha mtoto, wakaizungusha ile meza ya magurudumu nusu mzunguko, glasi zikiwa juu yake, wakamkalisha mtoto palepale alipokuwa. Meza ilikuwa haina mbele wala nyuma. Twiga aliposhuka alikuta meza ileile, glasi mbili zilezile zinafanana kama pacha, na mdogo wake amekaa nyuma yake anamsubiri.

"Haya, sasa anywe," alisema Bosi. "Anywe kweli, siyo kujifanya. Nataka masharubu meupe."

"Glasi ipi, Dada?" Chiriku akauliza.

"Ya kulia," alisema Twiga. Akaichukua kwa mkono wake mwenyewe, akampa.

Mtoto akanyanyua glasi, akanywa funda la kwanza. Macho yakamtoka. Akaishusha glasi kidogo, mashavu yamejaa, akatazama kule zilikokuwa taa, kule alikojua mama yake amekaa. Lakini taa zilimpiga machoni, hakuona kitu ila weupe.

Mama alimwona. Aliona mashavu yamevimba, akadhani mtoto anataka kuanza vituko vyake. Akamwona Miwani anatazama saa. Basi Mama akakohoa. Kila nyumba yenye watoto ina kikohozi kama hicho. Hakitokani na mafua. Kinamwambia mtoto: nakuona, acha hivyo.

Chiriku akakisikia. Akameza. Akainyanyua glasi tena, akameza la pili, akameza la tatu.

"Safi! Cheka sasa! Cheka, cheka!"

Akacheka, masharubu meupe juu ya mdomo, pengo katikati.

"Hiyo! Hiyohiyo!" Miwani akapiga makofi. "Tumepata!"

Wakampangusa mdomo taratibu, gauni lisichafuke. Bosi akatangaza mapumziko ya dakika kumi, zilikuwa zimebaki picha nne. Chiriku akaenda kusimama karibu na mama yake, mikono ameinyoosha mbali na gauni. Hakuuliza kitu. Hakusema kitu.

"Mtoto wako ametulia kweli," Miwani alimwambia mama, mara ya kwanza kumsemesha tangu asubuhi.

"Ahsante," alisema Mama, na Mungu amsamehe, alifurahi.

Twiga alibeba glasi kwenda kwenye sinki nyuma ya pazia. Ile iliyonywewa aliimwaga kwanza. Haikumwagika kama maziwa. Iliteremka polepole, ikaacha kamba nyeupe kwenye kioo. Akaitazama bila kuelewa. Kisha akaitazama ile iliyojaa. Povu lake lilikuwa limekwisha zamani, na juu yake kulikuwa na utando mwembamba uliojikunja pembeni, kama wa maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Akachovya kidole kile chenye utepe mwekundu, akakilamba.

Yalikuwa maziwa.

 Na wakati huohuo, upande wa pili wa pazia, akamsikia Bosi anamwambia Miwani, "Huyu msichana nitamchukua jumla. Ana mkono mwepesi."

Alisimama pale. Si kwa muda mrefu, labda mtu angehesabu mpaka kumi. Baadaye alimwambia mama yake kuhusu muda huo, hakuuficha, na bado unamwamsha. Kisha akalifungua pazia kwa nguvu hadi ndoano mbili zikang'oka.

"Mama! Amekunywa ya picha! Mama, amekunywa gundi!"

Pale pakawa hapasikilizani. Bosi alisema haiwezekani. Kisha akasema hata ikiwezekana, ni gundi ya shule, watoto wanailamba kila siku. Miwani alisema apewe maziwa mengi, mwingine aliyekuja mbio kutoka ofisi ya jirani akasema apewe mafuta ya kupikia. Chiriku akaanza kubeua, na povu likatokea pembeni mwa mdomo wake. Akaliziba kwa viganja vyote viwili, lisidondoke.

"Jamani, gauni!" alisema Miwani.

Nadhani alisema bila kukusudia. Baadhi ya watu hofu ikiwajia inatokea mlango usio wake. Lakini Mama alimgeukia kwa macho ambayo Twiga hakuwahi kuyaona, kisha akamshika mtoto, akamfumbua mdomo, akaandaa kidole kumwingiza kooni atapike.

"Mama, acha! Twende hospitali kwanza!" Twiga akaudaka mkono wake.

"Mama, nakuomba," Bosi alisema, amesimama kati yao na mlango, sauti ameishusha. "Haya mambo tuyamalize humuhumu ndani. Tuangalie nusu saa. Picha zilizobaki ni nne tu."

Mama akampita. Hakumsukuma wala kumtukana. Alimpita kama anavyopitwa mtu aliyesimama njiani, mtoto begani, kile kikaratasi cha bei kimechomoka kinapepea mgongoni.

"Amekunywa nini?" aliuliza muuguzi hospitalini.

"Maziwa," alisema Mama, anahema.

"Yameharibika?"

"Hapana. Maziwa ya picha."

Muuguzi akamtazama, akamtazama na mtoto mwenye gauni la njano na poda usoni. "Mama, kaa chini. Vuta pumzi. Amekunywa nini?"

"Gundi. Na rangi ya ukuta. Na sabuni."

Sasa muuguzi akasimama. "Rangi gani? Ya maji au ya mafuta?"

"Sijui."

"Gundi gani?"

"Sijui, nilikuwa nimekaa tu kwenye kiti."

"Umemtapisha?"

"Nilitaka kumtapisha, dada yake akanizuia."

"Mshukuru. Usithubutu. Sabuni ikirudi juu na povu lake inaweza kuingia kwenye mapafu, hapo ndipo tutaanza kulia. Msimpe maziwa, msimpe mafuta, msimpe kitu kabla ya sisi kujua. Nani anaweza kuniletea makopo? Nataka kusoma yameandikwa nini. Bila hayo mimi nabahatisha."

Mama akakitazama kidole chake, kile alichokuwa amekiandaa. Alikikunja ndani ya ngumi, akakaa nacho hivyo.

"Nakwenda mimi," alisema Twiga.

Alikimbia. Alipofika ghorofani alikuta meza imeshafutwa, sinki linameta, na mfuko mweusi umefungwa fundo upo karibu na mlango. Bosi alikuwa peke yake, amekaa juu ya boksi.

"Vipi mtoto?"

"Wanataka makopo."

"Makopo ya nini?"

"Wasome."

Bosi akasimama mbele ya mfuko. "Twiga, nisikilize. Ukiyapeleka hayo hospitali, itaandikwa. Ikiandikwa, kampuni itanikana, na studio itafungwa. Nimekuchukua hujui hata kushika waya, nikakufundisha. Ndivyo unavyonilipa? Ukitoka na huo mfuko usirudi hapa."

Twiga aliutazama mfuko. Alitaka sana kurudi pale. Hata saa ile, alitaka.

"Bosi, nifundishe kitu kimoja cha mwisho," akasema. "Ile rangi ni ya maji au ya mafuta?"

  Bosi akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Sijui," akasema. "Nilipakia ukuta mwaka juzi, kopo likabaki." Kisha, kwa sauti ndogo, "Hata mimi nilionyeshwa hivyohivyo. Aliyenionyesha hakuniambia ni rangi gani."

Akasogea pembeni. Twiga akaubeba mfuko mzima, na fundo lake.

Baba alifika na nguo zake za kazi, ananuka chuma kilichoungua. Jirani aliyewaona wakiingia hospitalini alikuwa amempigia simu. Alimkuta Chiriku kwenye kitanda cha pembeni, macho ameyafumbua, anatazama dari. Kila baada ya muda alikohoa kidogo, na kila akikohoa wazazi wote wawili walinyanyuka.

"Nani alijua kama wanakwenda huko?" Baba aliuliza.

"Mimi," alisema Mama.

"Mimi hukuniambia."

"Sikukuambia."

Alitegemea atagombezwa. Alitamani agombezwe. Baba akakaa tu kwenye benchi upande wa pili, akakishika kile kidole chake kifupi kwa mkono mwingine, akawa anakisugua.

Muuguzi na daktari walisoma makopo chini ya dirisha. Kopo la rangi lilikuwa limeliwa na kutu, maandishi nusu hayapo. Waligeuza, wakakwangua kwa kucha, wakanusa. Twiga aliwatazama midomo. Wale watu wawili wakisema neno moja, atakuwa amemuua mdogo wake kwa mkono wake. Wakisema jingine, hakumuua. Alikuwa bado na utepe mwekundu kwenye kidole gumba.

"Ya maji," daktari alisema hatimaye. "Ingekuwa ya mafuta tungekuwa tunazungumza mengine." Akaeleza kwamba gundi yenyewe si sumu kali, lakini sabuni inamtia wasiwasi, na atamsikiliza kifua kila saa mpaka jioni. "Hatumwachilii mpaka nijiridhishe. Anaongea?"

Wakatazamana. Hapo ndipo wote walipotambua kwa pamoja. Mtoto yule, ambaye hawajawahi kumsikia kimya hata akiwa na homa, alikuwa hajatoa neno tangu studio.

"Chiriku," alisema Mama. "Sema kitu mwanangu. Sema chochote."

Chiriku akatikisa kichwa.

"Koo linauma?"

Akatikisa kichwa.

"Niulize swali," Baba akasogea. "Niulize kwa nini chuma kinakuwa chekundu. Si huwa unaniuliza kila siku? Leo nitakujibu vizuri."

Mtoto akamtazama baba yake, macho yakajaa maji, lakini mdomo ukabaki umefungwa. Walikaa hivyo mchana wote. Jua likahama kutoka kitanda hiki kwenda kitanda kile. Kuna wagonjwa waliitwa, wakaondoka. Daktari alikuja na kusikiliza kifua, akaondoka, akaja tena. Mama alikuwa anahesabu vikohozi. Kati ya kikohozi na kikohozi alikisikia kile chake mwenyewe, cha asubuhi, na kila mara kilikuwa kirefu zaidi.

Jua lilipokaribia kuzama, daktari akasikiliza mara ya mwisho, mbele na nyuma, akatoa vile vya masikioni. "Kifua kisafi," akasema. Mama hakuelewa mpaka daktari aliporudia.

Ndipo muuguzi alipokuja kumvua mtoto lile gauni, amvalishe shati la Twiga. Chiriku akalishika gauni kwa vidole viwili, akaligeuza mbele, akaligeuza nyuma, akalikagua lote. Kisha akamtazama mama yake.

"Mama."

"Abee mwanangu!"

"Halina tone."

"Nini?"

"Gauni. Halina tone hata moja. Ilikuwa mbaya, Mama, ilikuwa chungu halafu inateleza, lakini nilimeza yote. Sikutema." Sauti ilikuwa imekwaruza. "Sikukutia aibu."

Mama akatoka nje ya wodi. Baba alimkuta kwenye korido amejiziba mdomo kwa mtandio, anapigapiga ukuta kwa kiganja kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo haina mlango.

Gauni lilirudi dukani. Studio haikufungwa, ila Twiga hakuitwa tena. Sasa anauza vitabu na kalamu kwenye duka la jirani, na daftari lake lipo chini ya godoro. Tangazo lilitoka baada ya wiki tano, kubwa, ukuta mzima pale njia panda. Kati ya picha zote walichagua ileile, ya masharubu meupe. Wapita njia wanamsimamisha Mama. "Mwanao kang'aa! Anavyoyafurahia hayo maziwa!" Mama anaitikia, anapita. Baba anazunguka njia ya nyuma kwenda kazini, ni mbali kwa dakika ishirini.

Chiriku anaongea tena, tena sana. Kitu kimoja tu kimebaki. Ukimpa kikombe, cha chai, cha maji, cha dawa, anakishika kwa mikono miwili na kuuliza, "Haya ni ya kunywa au ya picha?" Mama hamjibu kwa mdomo. Anakichukua kikombe, anapiga funda moja mwenyewe, anameza, anamfunulia kinywa aone hakuna kitu. Ndipo mtoto anakunywa.

Mwezi uliopita walikwenda kumsalimia dada mkubwa wa Baba. Shangazi huyu ana nyumba yenye zulia jeupe, na wageni wanavua viatu kwenye ngazi. Akawaletea juisi kwenye glasi ndefu. Kabla Mama hajapata nafasi ya kuonja, Shangazi alikuwa ameshamshikisha Chiriku glasi yake mwenyewe. "Kunywa, mwanangu, usiogope."

Chiriku akapiga funda. Mashavu yakavimba. Macho yakamtoka, yakamtafuta mama yake.

 Mama akaliona zulia. Akamwona wifi yake ameshanyanyua nyusi. Na kile kikohozi kikampanda kifuani, chenyewe, kwa mazoea ya miaka yote, kikafika kooni.

Akakimeza.

"Tema," akasema.

Mtoto akatema palepale, pwaa, katikati ya weupe.

"Heee!" Shangazi akasimama. "Mtoto gani huyu? Mbele za watu? Umemfundisha nini, wewe?"

"Nimemfundisha hivyohivyo, wifi," alisema Mama. Akapiga magoti kwenye zulia. "Nipe kitambaa nifute."

Nyuma yake Chiriku alikuwa ameshaanza kueleza kwamba juisi ilikuwa chachu, tena sana, na kwamba Shangazi naye akitaka anaweza kutema, hakuna atakayemgombeza.